Ukifufua boti kuukuu ya faiba, chora mistari kwanza, rangi baadaye

Wengi wanaoanza kazi hii hapa Mikindani, Mtwara, hufika na rangi kichwani tayari. Huyu anataka bluu iliyokoza aliyoiona kwenye picha za boti za Marekani, yule anataka nyeusi na ndimi za moto mbavuni. Wote mimi huwaambia waweke kopo chini. Boti ya zamani ina umbo lake, na mistari ndiyo inayolionyesha au kuliharibu: unaanzia wapi, unapinda wapi, una upana gani. Mistari ikikaa, rangi huchaguliwa kwa kuangalia jua la kwetu na kazi ya boti. Kadi ya rangi ya dukani itakuja mwisho kabisa.

Kabla ya msasa, isome boti yenyewe. Boti za faiba za miaka ya 1970 zilipenda mistari mipana iliyonyooka, ya kahawia, chungwa na njano. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ikaja mitindo ya mishazari, waridi na kijani cha bahari. Hata kama stika zilibanduliwa zamani, alama yake haijaondoka. Sehemu iliyokuwa chini ya stika haikuchomwa na jua sawa na jirani yake. Osha ubavu, uache umelowa, kisha utazame kwa pembeni jua likiwa bado chini: utauona mchoro wote, mpaka kona zake. Bandika nailoni ya kung'aa, ile ya kufunikia madaftari, uufuatishe kwa kalamu ya wino mzito. Ukitaka kujua rangi ya kiwandani, fungua skrubu za kifungio cha kamba kimojawapo. Chini yake kuna kipande ambacho hakijaona jua tangu boti itoke kwenye kalibu.

Huna deni la kuirudisha rangi ile. Mstari ule, lakini, ufikirie mara mbili kabla ya kuufuta, maana aliyeuchora alikuwa na michoro ya umbo lote mbele yake. Wewe una ubavu uliochakaa na hamu ya kubadilisha.

Ukiamua kuchora upya, tumia teipu ya karatasi na miguu yako. Bandika mstari, kisha ondoka. Nenda mbali mpaka boti yote iingie machoni bila kugeuza shingo, chuchumaa ili jicho liwe chini kama la mtu aliye kwenye ngalawa, utazame. Mstari wa juu ufuate ukingo wa boti: ukingo ukiinuka kuelekea omo, yaani mbele ya boti, nao uinuke. Mstari ulionyooka kama rula kwenye ubavu uliopinda huifanya boti ionekane imevunjika mgongo. Boti yenye mbavu ndefu hupungua kimo ukiigawa rangi mbili, nzito, yaani iliyokoza, chini na nyepesi juu. Kibanda nacho kipake rangi nyepesi, la sivyo kitasimama juu ya boti kama friji.

Mstari wa maji ni habari nyingine, huo haufuati ukingo. Unapaswa kuwa sambamba na bahari, na hapo ndipo wageni wengi hubahatisha kwa jicho. Azima mpira wa maji wa kupimia usawa wa mafundi ujenzi, ule unaopitisha mwanga. Alama ya kuanzia itafute boti ikiwa majini na mzigo wake wa kawaida: injini, tangi lililojaa, nanga, watu. Weka alama omo na tezi (nyuma), pande zote mbili. Ukishaipandisha, ikae kwenye magogo sawasawa mpaka alama hizo zilingane kwa mpira, kisha zunguka nao ukiweka nukta kila urefu wa mkono. Panda sentimita 5 hivi juu ya nukta hizo, ndipo rangi ya chini ya kuzuia chaza na mwani iishie. Ukiibana chini mno, mwani utaota kwenye rangi yako nzuri kabla hata hujamaliza kulipa deni la hadena, ile dawa ya kugandisha rangi. Mkanda wa mapambo unaokaa juu yake uupanue kidogo kuelekea omo. Ubavu wa omo umelala nje, na mkanda wa upana mmoja huonekana umekonda pale.

Sasa rangi. Mtwara iko kama nyuzi 10 kusini ya Ikweta, na jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, Oktoba na Februari. Ubavu mweusi au wa bluu iliyokoza ukiachwa kwenye jua la namna hiyo unaweza kupita nyuzi 65 za Selsiasi. Gundi ya faiba za zamani huanza kulegea kwenye joto la karibu na hapo. Matokeo yake ni kwamba nyuzi za mkeka wa faiba huchora kwa ndani, unaona viraba vidogovidogo ubavuni, na viraka ulivyoziba kwa puti hujitokeza kimoja kimoja. Halafu rangi nzito inayong'aa haina siri: kila bonde ambalo msasa haukulifikia litaonekana kutoka Msangamkuu, ng'ambo ya maji. Kwa boti iliyogongwa na kuzibwa mara nyingi, chukua nyeupe au rangi ya maziwa, uiweke bluu yako kwenye mkanda mmoja tu. Utafurahi nayo na boti haitaungua.

Nyekundu inayong'aa ndiyo hupauka upesi, ikaishia waridi iliyochoka. Nyekundu ya matofali hudumu zaidi kwa sababu aina hiyo hutokana na kutu ya chuma, na jua haliiwezi. Njano nyingi hazifuniki, kwa hiyo weka nyeupe chini yake, ama sivyo utamaliza makopo na doa la puti bado linakuangalia. Sitaha, yaani sakafu ya juu ya boti, usiipake nyeupe tupu, saa sita mchana nahodha ataendesha macho yakiwa yamefumba nusu. Wala usiipake nzito, watu hupanda pekupeku. Kijivu chepesi au krimu iliyokufa ng'aro inatosha. Na mchanga wa kuzuia utelezi usiuchote ufukweni: una chumvi, na chumvi iliyofungiwa chini ya rangi huvuta unyevu mpaka malengelenge yanainuka.

Jambo moja hupuuzwa sana, nalo ni kuonekana. Kusi ikivuma, bahari ya nje ya ghuba hujaa mawimbi meupe, na boti nyeupe tupu inapotea humo. Ya bluu na ya kijivu zinapotea hata siku ya shwari. Kama boti ni ya kuvua au ya kuvusha watu, paa la kibanda lipake chungwa kali. Wenye boti za starehe hunikunjia uso kwa hilo. Sawa, wapake angalau kipande cha juu kinachotazama angani, maana anayekutafuta kwa ndege haoni mbavu.

Usichague kwa kipande cha kadi. Paka ubao wa mkono mmoja, usimamishe nje, utazame asubuhi, adhuhuri na jioni. Rangi ya maziwa iliyopendeza kivulini inaweza kugeuka njano ya mgonjwa wa ini jioni.

Muda wa kupaka nao unatawala. Sisi hupandisha boti kwa bamvua, maji yanapojaa sana, na kuishusha kwa bamvua inayofuata, yaani una wiki mbili hivi, na katikati ni maji mafu yasiyofika magogoni. Yapange mapema. Msimu mzuri ni kiangazi cha Juni mpaka Oktoba, ila upepo wa kusi huamka kabla ya adhuhuri na kuleta vumbi. Subiri umande ukauke kabisa, paka, umalize kabla upepo haujashika. Rangi ya kuchanganya na hadena ikipigwa na umande wa jioni ingali mbichi hupoteza ng'aro, na hakuna kuirudisha bila kusugua upya. Hadena hiyo ina sumu ya mapafu. Ukiipuliza kwa kompresa, kitambaa cha puani si kinga: unahitaji barakoa ya kupuliziwa hewa safi kutoka nje. Kama huna, tumia rola na brashi mahali pa wazi, uvae barakoa ya vichujio vya kemikali.

Kuhusu maandishi na michoro, uliza swali moja kwa mwenye duka la mabango: nailoni hii ya stika ni ya nje, isiyosinyaa? Ile ya bei ndogo husinyaa kwa jua, kingo zinajikunja na gundi nyeusi inabaki imezizunguka. Usibandike stika juu ya rangi mpya. Hewa ya thina bado inatoka, na viputo vitainuka chini ya herufi. Ipe wiki kadhaa. Jina mimi hupendelea liandikwe kwa brashi, kwa sababu ndimi za moto na meno ya papa zilizochapishwa hufanana kila boti, na mwandishi mzuri wa mabango bado yupo mjini. Liweke karibu na tezi, herufi zifuate mteremko wa ukingo, rangi yake itofautiane na ubavu kiasi cha kusomeka ukiwa upande wa pili wa gati. Kabla ya yote hayo tenga nafasi ya namba ya usajili wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini. Mkanda uliokatwa katikati ili namba ipite ni aibu ya bure.

Rangi ikifika kutoka Dar, mimina makopo yote ya rangi moja kwenye ndoo moja, koroga, urudishe. Makopo mawili yenye namba ileile yanaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo itatokea katikati ya ubavu. Bakiza nusu lita bila hadena, uifunge vizuri, na namba ya rangi iandike kwa wino usiofutika ndani ya mfuniko wa sanduku la nanga.