Kurasa za nyuma za daftari ni zako

Mzee mmoja wa Busia ametuletea ujumbe huu: "Nina presha mwaka wa sita sasa. Kila nikienda kituo cha afya naongezewa dawa, na presha haishuki. Nimefika aina tatu. Nifanyeje?"

Mzee wangu, tuanze na hesabu. Mtu amepewa vidonge 28 vya amlodipini, dawa ya presha, kimoja kila siku. Tarehe ya kurudi aliyoandikiwa ni baada ya wiki tano, yaani siku 35. Siku saba hazina dawa. Wengi hawaulizi. Wanaruka siku moja moja ili dawa zifike, au wanameza mpaka ziishe kisha wanasubiri tarehe. Siku ya kliniki mashine inasoma 170 kwa 100. Musawo, yaani mhudumu wa afya, ana foleni iliyofika nje ya mlango, hajui kwamba wiki nzima hukumeza kitu, na wewe umenyamaza. Yeye anaona dawa iliyoshindwa, kwa hiyo anaongeza ya pili. Safari ijayo anaongeza ya tatu. Habari aliyoikosa unayo wewe.

Basi hesabu vidonge pale pale dirishani kabla hujaondoka. Metformini, dawa ya sukari, asubuhi na jioni kwa siku 30 ni vidonge 60, si 40. Vikipungua, sema bila woga: "Hizi zitaisha tarehe 20, na mimi narudi tarehe 27." Utaongezewa, au utasogezewa tarehe, au dawa zikiwa zimekwisha kituoni utaandikiwa ukanunue. Hapo uliza jina la dawa yenyewe pamoja na nguvu yake kwa miligramu, usitegemee jina kubwa lililo kwenye boksi. Kiwanda hiki kinaiita hivi, kile kinaiita vile, na wapo watu wanaomeza amlodipini mara mbili kwa siku kutoka maboksi mawili, wakidhani ni dawa mbili.

Sasa daftari. Uganda tumezoea kwenda hospitali na daftari la shule: musawo anaandika, sisi tunalikunja na kulirudisha chini ya godoro mpaka mwezi ujao. Ligeuze. Anza ukurasa wa mwisho, chora mistari upate safu tano: tarehe, saa, kipimo, dawa nilizomeza, na kilichotokea. Safu hiyo ya tano ndiyo yenye thamani kuliko zote. Andika kwa maneno machache tu: "vifundo vya miguu vimevimba", "kikohozi kikavu usiku", "nimemeza diklofenaki siku nne kwa ajili ya mgongo".

Kila mstari wa namna hiyo unaweza kubadilisha matibabu. Amlodipini huwavimbisha baadhi ya watu miguu. Kaptopili, enalapili na lisinopili huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichosikia dawa ya maji, na mgonjwa anaweza kuzunguka miezi akitibiwa kifua wakati chanzo ni kidonge cha presha. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo tunazinunua dukani kama peremende, hupandisha presha na kuumiza figo. Ukiona mojawapo ya haya usiache dawa kimyakimya. Peleka daftari, ubadilishiwe.

Kipimo chenyewe nacho hudanganya kikipigwa vibaya. Umeshuka kwenye boda, umepanda ngazi, umeitwa, mkono umefungwa mashine juu ya sweta huku unajibu maswali: namba hiyo si yako. Omba kukaa dakika tano. Nenda haja ndogo kwanza, maana kibofu kilichojaa hupandisha presha. Egemeza mgongo, nyayo zote mbili chini, usikunje nne, mkono mtupu ulale mezani usawa wa moyo, na usizungumze. Ukipimwa mara mbili, dakika moja au mbili zikipita katikati, andika zote mbili. Na ukiambiwa uje bila kula kwa ajili ya kipimo cha sukari, maji ya kunywa hayakatazwi, na kidonge cha presha meza kama kawaida isipokuwa umeelekezwa vingine. Dawa ya sukari ndiyo husubiri chakula.

Mwenye sukari anayetumia insulini au glibenklamidi aandike pia saa ya kula. Kuchelewa kula baada ya dawa hizo ndiko huleta jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa. Sukari ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, au dalili zikija na huna mashine, koroga vijiko vidogo vitatu hadi vinne vya sukari kwenye maji, kunywa, pima tena baada ya dakika 15. Mtu aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, apelekwe hospitali.

Hili si jambo geni kwetu. TASO, shirika la Uganda la kusaidia watu wenye VVU, ilianzishwa mwaka 1987, dawa za VVU zikiwa bado hazijafika kwa watu, na wagonjwa wenyewe walisimama kuzungumzia ugonjwa wao na kufundishana. Leo anayemeza ARV anakutajia jina la dawa yake, tarehe yake na wingi wa virusi alivyopimwa mara ya mwisho. Muulize mwenye presha anameza nini, atakuambia "kale keupe kadogo". Inauma, kwa sababu kiharusi hakimngoji mtu ajue jina.

Kwa hiyo mzee wangu, safari ijayo chukua mfuko mmoja. Weka maboksi yote, hata matupu, dawa za maumivu, na miti shamba kama unatumia. Mwaga vyote mezani kwa musawo, kisha fungua daftari kwa nyuma na useme ni siku zipi hukumeza. Muulize: "Kati ya hizi tatu, ipi ni ya lazima, na zikiisha kabla ya tarehe nifanyeje?" Jibu liandikwe. Ila mashine ikisoma 180 kwa 120 au zaidi na kifua kinabana, mdomo umepinda, upande mmoja umelegea au macho yameingia giza, achana na tarehe na daftari. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.