Magoti ya Mama na Maporomoko ya Sanje

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mwezi Juni watoto wakifunga shule tutakuwa na siku nne za kupumzika. Nasikia Bonde la Kilombero ni pazuri kwa matembezi. Watoto wangu wana miaka 9 na 13, na mama mkwe anasumbuliwa na magoti. Je, kuna cha kufanya sote, au mama nimwache nyumbani?
Baba wa wawili, Morogoro mjini

JIBU: Marahaba mwanangu. Mama usimwache! Mimi ni mzaliwa wa Kidatu, na mtu akiniambia bonde letu ni la vijana wenye miguu mizuri tu, naumia.

Juni umechagua vema, maana masika yameisha. Kutoka Mikumi mnakata kushoto, na baada ya kilomita 60 hivi mko Mang'ula, kwenye geti la Hifadhi ya Milima ya Udzungwa. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1992, na ndani yake watalii hawazunguki kwa gari. Ni kwa miguu, ukiwa na mwongozaji.

Siku ya kwanza pandeni Sanje, wewe na watoto. Maji yanaanguka kwa hatua tatu, jumla mita 170 hivi. Watoto wataomba kuoga. Wavue viatu pale tu mwongozaji atakapowaonyesha, kwani mawe yana utelezi wa ukungu wa kijani usioonekana mpaka umeukanyaga. Mkifika juu, geukeni mtazame chini: mashamba ya miwa yamekatwa vipande vipande vya kijani, na nyuma yake bonde linanyooka mpaka macho yachoke. Mimi hapo huwa sitaki kuharakishwa.

Mwambie mwongozaji mnataka kumwona ngolaga. Wanasayansi walimtambua nyani huyu mwaka 1979, lakini wazee wa Sanje walikuwa na jina lake siku nyingi. Anaishi kwenye misitu ya Udzungwa tu, duniani kote hayuko kwingine. Mtoto wako wa miaka 13 aelezwe hilo akiwa msituni, si darasani.

Mama je? Karibu na geti kuna njia fupi ya kwenda maporomoko madogo ya Prince Bernhard. Aende asubuhi kukiwa na baridi, na fimbo yake, pole pole, na mkeo aongozane naye. Magoti yakikataa, akae chini ya miti pale getini; mbega wekundu mara nyingi huja wenyewe na kurukaruka juu ya vichwa vya watu. Msiwape chakula, hata ganda la ndizi.

Siku inayofuata teremkeni Ifakara. Mji ule ni wa baiskeli, ulizeni kwa mafundi mkodishiwe mbili tatu, watoto wapite njia za mashambani ambako mpunga unavunwa na kupigwa. Mama atakula wali wa Kilombero mahali unakolimwa, kwa kambale wa mchuzi, na harufu ya ule mchele atawasimulia majirani. Jioni nendeni Daraja la Magufuli, lenye mita 384, lililozinduliwa mwaka 2018 mahali palipokuwa na kivuko. Utazameni mto mkiwa juu. Kuna viboko na mamba, kwa hiyo sitaki kusikia mtoto ameshuka kuchota maji wala kupanda mtumbwi usio na jaketi za kuokolea.

Msishangae nguo zikidondokewa na majivu meusi, ni miwa inachomwa kabla ya kukatwa. Zipanguseni bila kusugua, doa lisiingie.

Kiingilio cha hifadhi hakilipwi kwa noti mkononi, basi weka pesa kwenye simu au kadi kabla ya kuondoka. Na piga simu getini mapema kuomba mwongozaji, useme wazi kwamba mna bibi, ili wampangie mtu mwenye subira.