Kutoka Boxer kwenda pikipiki kubwa: anza na uzito, cc baadaye

Anayetaka kuacha Boxer au TVS na kununua pikipiki kubwa huuliza cc kwanza. Cc ni jambo la tatu. La kwanza ni uzito, la pili ni urefu wa siti.

Boxer ya 150 ina takriban kilo 120. Ikiyumba kwenye mchanga, mguu mmoja unatosha kuizuia. Royal Enfield Himalayan ya cc 411 inakaribia kilo 200, na hapo hujafunga mzigo wala kupakia abiria. Kilo hizo 80 za ziada huzisikii ukiwa kwenye lami. Utazisikia unapogeuza uani, unaposimama juu ya kokoto mlimani, na pale ulipoegesha pua ikitazama mteremko na sasa huna budi kuirudisha nyuma kwa miguu. Honda CRF250L ya 2013 ni nyepesi, kilo 145 hivi, lakini siti yake iko sentimita 87.5 kutoka chini, wakati ya Himalayan ni 80. Kugusa ardhi kwa vidole vya mguu mmoja kunavumilika kwenye pikipiki nyepesi. Kwenye nzito utaiangusha. Basi dukani usikimbilie kuwasha injini: keti, inua stendi, isukume mbele na nyuma mita tano, uone kama kiuno chako kinaimudu.

Kama leseni yako ni ya Tanzania na ni daraja A1, inaishia kwenye pikipiki za chini ya cc 125. Pata daraja A kabla ya kulipa.

Itaanguka, kwa hiyo jifunze kuiinua mapema. Zima injini. Ikilalia upande wa kulia, toa stendi ya pembeni na uingize gia kabla ya kuinua. Ikilalia kushoto, stendi haitokeki. Kama haiko kwenye gia, kaza breki ya mbele kwa mpira wa kufungia mzigo ili isiteleze. Kunja usukani wote kuelekea chini, igeuzie mgongo, makalio yaegemee siti, mkono mmoja ushike usukani na mwingine fremu au keria. Sukuma kwa miguu, ukirudi nyuma kwa hatua fupi. Ukiinama na kuvuta kwa mikono, mgongo ndio utakaolipa.

Wiki mbili za mwanzo zitumie kwenye uwanja mtupu, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Weka mawe mawili umbali wa mita 7 na uyazunguke kwa umbo la nane. Klachi ibaki nusu, mkono wa mafuta usipande wala kushuka, breki ya mguu iguse kidogo, macho yatazame unakokwenda. Breki ya mbele usiiguse kabisa usukani ukiwa umekunjwa. Hili nalisisitiza kuliko yote: tairi la mbele linasimama ghafla, uzito wote unamiminikia upande mmoja, na kilo 200 zikishainama huwezi kuzirudisha.

Gia nazo zina mtego. Kwenye pikipiki kadhaa ndogo, gia zote hukanyagwa upande mmoja. Kwenye kubwa, ya kwanza iko chini na zilizobaki hupandishwa juu. Aliyezoea kukanyaga ili aongeze gia atajikuta anapunguza akiwa kwenye kilomita 70 kwa saa, na tairi la nyuma litakwama na kurukaruka. Isimamishe kwenye stendi ya kati, injini ikiwa imezimwa, zungusha tairi kwa mkono na ubadili gia mpaka mguu usahau mazoea ya zamani.

Kuhusu breki, tabia ya kutegemea mguu peke yake lazima ife. Ukitoka kilomita 60 hadi 90 kwa saa, umbali wa kusimama huongezeka mara 2.25: kwenye lami kavu, mita 20 hivi huwa 45, bila kuhesabu sekunde ya kushtuka, ambayo peke yake hula mita 25. Nguvu kubwa ya kusimamisha iko mbele. Usiikamate ghafla, gusa kwanza, pua ishuke, kisha kaza. Fanya zoezi kwa 30, halafu 40, halafu 50. Abiria asubiri hadi umalize kilomita 1,000.

Oili iwe yenye alama ya JASO MA au MA2, yaani viwango vya oili ya pikipiki. Oili ya gari, hasa ile nyepesi ya kubana matumizi ya mafuta, inaweza kufanya klachi iteleze, kwa sababu sahani zake zinaogelea humo humo: injini inalia, mwendo hauongezeki. Cheni ikaze kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mkono wa nyuma (chuma kinachoshika tairi la nyuma), usikisie kwa mazoea ya Boxer. Na petroli ya chupa za barabarani iepuke. Uchafu wake huziba mfumo wa sindano unaopuliza petroli kwenye injini, na huko vijijini hakuna fundi wa kuufungua.

Himalayan hiyo ina tairi la inchi 21 mbele na 17 nyuma, zote za tyubu. Ukiwa na nafasi ya tyubu moja tu safarini, beba ya 21. Inaweza kukunjwa ndani ya tairi la nyuma ikufikishe mjini polepole; ya 17 mbele haifai.