Re: Kamongo kwenye beseni anatoa mdomo nje kila mara, anakufa?

Habari ndugu wa Igombe. Hafi huyo, anapumua! Kamongo ana mapafu mawili, na matamvua yake peke yake hayamtoshi. Ukimzuia asifike juu, atakufa maji ingawa ni samaki.

Angalia kwanza mfuniko: uwe na matundu, na maji yasijae hadi ukingoni. Ubane kwa jiwe, maana huyu hujivuta akatoka. Wangu akipanda husikika akivuta hewa, kisha anazama taratibu, viputo vikitokea pembeni mwa kichwa. Akitulia chini, usimchokoze.

Mapezi membamba kama kamba ndiyo maumbile yake, hayajaoza. Vidole weka mbali, meno yake huvunja magamba ya konokono.