Wadogo zangu wa Python, hizo laibrari mnazibeba vipi?

Wiki hii nimekaa na vijana watatu wa atachimenti, wa mafunzo ya kazini, hapa ofisini Ganjoni, vijana wazuri wallahi, wanajituma, mmoja anatoka Kisauni na bado anafika kabla yangu. Lakini Jumanne mmoja wao akanitumia kazi yake, folda imezipiwa, megabaiti mia nne na kitu, nafungua nakuta skripti mbili ndogo na venv nzima, ile folda inayobeba Python na laibrari za mradi. Ameitoa kwenye laptopu yake ya Ubuntu, yaani Linux, anataka mie niiwashe kwenye Windows. Namuuliza, ananiambia, "Lakini bro, Python si inaenda popote?"

Nilinyamaza kidogo. Hayo maneno nshawahi kuyasema mimi, vilevile alivyoyasema yeye, tena mbele ya mzee wa watu aliyekuwa ananitegemea, na ndo maana leo naandika badala ya kumjibu yeye peke yake.

Python yenyewe, hii lugha ya kuandikia programu, kweli inaenda popote, toka Guido van Rossum aitoe 1991 mpaka leo skripti uliyoandikia Linux utaiwasha kwenye Windows na kwenye Mac. Laibrari za ziada, yaani msimbo wa watu wengine unaouchukua ukautumia kwenye wako, ni habari nyingine. Nyingi katika hizi tunazozipenda kwa nje ni Python lakini ndani ni lugha nyingine, C, zingine Fortran, siku hizi zingine Rust, ishakompailiwa, yaani ishageuzwa lugha ya mashine, kwa aina fulani ya mashine, na mashine nyingine haiitambui kabisa. Hilo mkilishika mengine yote yatawakalia sawa.

1. venv moja kwa kila mradi, na isiingie kwenye Git, pale mnapotunzia msimbo, wala kwenye flashi. Kinachosafiri ni requirements.txt, orodha ya laibrari za mradi. Ndani ya venv mmeandikwa njia za folda za kompyuta yako wewe, hata ukiihamisha folda kwenye laptopu ileile inaweza kugoma. Na jamani hii sudo pip install muiache, pip ndo inayoshusha laibrari na sudo inaipa mamlaka juu ya mfumo mzima, kuanzia Debian 12 na Ubuntu 23.04 mfumo wenyewe unawakatalia, halafu nawaona mnaongeza --break-system-packages ndo mpite. Soma hiyo amri inasemaje! Inakwambia unavunja.

2. Jua ndani ya laibrari mna nini kabla hujaipeleka kwa mtu.

Hapa nitakaa, mnisamehe.

Ilikuwa 2021. Nilipata kazi kwenye ofisi moja ya kliaringi, ya kutoa mizigo bandarini, kazi yangu ya kwanza ya kulipwa mwenyewe bila kupitia kwa mtu. Karani mkuu alikuwa mzee, kila shehena ikija anafungua pakinglisti ya Excel, anachukua kalkuleta na kalamu, anajumlisha uzito kontena kwa kontena, halafu analinganisha majina ya bidhaa na orodha ya ofisi kwa sababu kila muuzaji anaandika anavyojua, huyu "tiles ceramic" yule "ceramic tile 60x60". Nikamwambia, mzee hiyo niachie. Wiki mbili nimeandika usiku na mchana, pandas ya kusoma Excel, laibrari nyingine ndogo ya kulinganisha majina kwa haraka, kwenye Ubuntu yangu yenye Python 3.9 inamaliza faili nzima kabla hujameza mate. Nilifurahi mpaka nikamwonyesha mamangu.

Nikapeleka Ijumaa asubuhi, kwa sababu mzee alikuwa na kontena tatu ambazo siku zao za bure bandarini zilikuwa zinaisha, na zikishaisha gharama inahesabika kila siku. Aliniambia ameziacha makusudi ili azifanye na programu yangu. Makusudi.

Nachomeka flashi. Kompyuta ni Windows 7. Nafungua venv, ndani mna folda inaitwa bin, Windows yenyewe inataka Scripts. Nikasema si neno, nakopi laibrari peke yake, kumbe NumPy, laibrari ya hesabu ambayo pandas inaitegemea, imejaa faili zilizokompailiwa za .so za Linux na Windows inataka .pyd. Basi ntadaunlodi Python upya, intaneti ya ofisi ni modemu ya bando. Nikashusha 3.9, ikakataa, 3.9 inataka Windows 8.1 kwenda juu, ya mwisho kukubali Windows 7 ni 3.8. Nikashusha 3.8 ya biti 64, ikakataa, mashine ni ya biti 32. Nikashusha ya tatu, ikakubali. Mzee kakaa nyuma yangu kwenye stuli, hasemi kitu, mara moja moja anauliza, "Bado mwanangu?"

Ikaja pip install. Ile laibrari ndogo ya majina haikuwa na faili iliyokompailiwa tayari, kwa hivyo pip ikaleta C yake ghafi na kuanza kutafuta kompaila, programu ya kuikompaili, ikatoa yale maandishi mekundu mnayoyajua nyote, Microsoft Visual C++ 14.0 or greater is required. Kwenye laptopu yangu gcc, kompaila ya Linux, ilikuwepo toka zamani, ikaikompaili kimyakimya siku ya kwanza, mie sikujua kama kuna kitu kimekompailiwa. Wiki mbili natumia kitu sijui kimetengenezwaje! Hiyo kompaila ya Microsoft ni gigabaiti kadhaa, nikaanza kuishusha hivyohivyo kwa kuwa sikuwa na fikra nyingine, na bando likakata katikati.

Kukaadhiniwa. Mzee akenda msikitini, akarudi, akanikuta vilevile. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, inuka nikae." Akatoa kalkuleta. Nikavuta ile stuli nikakaa kando yake namsomea namba, yeye anabonyeza, tukenda hivyo mpaka karibu na Maghrib, macho yake yanamuuma na anayafuta kwa leso. Tukamaliza kontena mbili. Wakati wa kuondoka akasema, "Jumatatu njoo na kitu kinachowaka."

Ya tatu ililala wikendi, ofisi ikalipa. Yeye hakuniambia hata siku moja, niliambiwa na dada wa mapokezi miezi baadaye. Mpaka leo nikipita ile njia nalikumbuka lile jambo, mtu mzima aliniamini akaweka kazi yake kando, mie hata kumuuliza unatumia kompyuta gani sikumuuliza.

Jumamosi usiku nikakaa na skripti nikajiuliza kila laibrari niliyoimpoti naifanyia nini hasa. Kulinganisha majina, ndani ya Python yenyewe mna difflib, get_close_matches, huinstali kitu. Haina mbio kama ile ya C, lakini orodha ya bidhaa mia tatu mbio za nini? pandas nilikuwa naitumia kujumlisha safu mbili tu, nimeiweka kwa mazoea, kitanzi kimoja na kamusi moja ya Python vikatosha. Ya kusoma Excel nikaacha openpyxl, ambayo ni Python tupu haina C ya kukompaili, ile inayokwenda popote kwelikweli. Jumatatu ikawaka kwenye kompyuta ya mzee mara ya kwanza.

Sasa nyie msipite nilipopita. Kabla hujaahidi kitu muulize mtu vitu vitatu: Windows gani, biti ngapi, intaneti ipo. Halafu nenda ukurasa wa laibrari yako kwenye PyPI, ghala ambako pip inashusha laibrari, fungua orodha ya faili, soma majina ya hizo .whl, vifurushi vilivyo tayari kuinstaliwa, majina yenyewe yanakwambia kila kitu. cp38 maana yake Python 3.8, win32 ni Windows ya biti 32, win_amd64 ni ya 64, manylinux ni Linux za kawaida, na ukiona py3-none-any basi pumua, hiyo ni Python tupu. Kama ya mashine ya mteja haipo na umeona .tar.gz peke yake, yaani msimbo ghafi, jua pengine utaombwa kompaila mbele za watu. Mizigo ifunge nyumbani:

pip download -r requirements.txt --only-binary=:all: --platform win32 --python-version 38 -d mizigo

Ikikosekana moja itakwambia hapohapo ukiwa kitandani kwako Tudor, sio kwenye stuli ya mzee. Ukifika kwa mteja ni pip install --no-index --find-links mizigo -r requirements.txt, na bando la mtu huligusi.

3. Majina. Usiipe faili yako jina la laibrari. Juzi kijana wangu mmoja kaita faili lake random.py, na random ni laibrari ya ndani ya Python, saa nzima anapigana na kosa la laibrari nyingine kabisa, kumbe ile laibrari ikiita random inapata faili lake yeye. Nilimwacha kidogo makusudi atafute, akalipata mwenyewe, alivyocheka! Hilo hatarudia. Na jina la kuinstali si lazima liwe jina la kuimpoti, unainstali Pillow unaimpoti PIL, opencv-python ni cv2, beautifulsoup4 ni bs4. Kwa hivyo usibahatishe jina kwenye pip, wako watu wanapandisha PyPI vifurushi vyenye majina yaliyokosewa herufi moja ndo wakuibie.

4. Andika namba za matoleo. pip freeze, inakuorodheshea laibrari zako na namba zake, sekunde mbili. Juni 2024 NumPy 2.0 ilipotoka, laibrari zilizokompailiwa kwa NumPy 1 zilikuwa zinaanguka ovyo, na mtu hajagusa hata mstari, kaandika tu "numpy" bila namba na seva ikachukua mpya. Ukikutana na numpy.dtype size changed, tazama hapo kwanza, usianze kubomoa skripti yako.

5. Kila open(), amri ya kufungua faili, iwe na encoding="utf-8", yaani itaje herufi zimehifadhiwa kwa mpango gani. Kiswahili hakina herufi za ajabu nakubali, lakini tuna ng'. Mtu akiandika Ng'ambo kwenye Word, Word inakipinda kile kialama, faili linatoka Linux kama UTF-8, Python ya Windows inalisoma kwa cp1252, mpango wa zamani wa herufi wa Windows, na mteja wa Likoni anaona amekaa Ngâ€™ambo kwenye risiti yake. Mama mmoja alinipigia kwa hilo, akaniuliza kwa heshima kabisa, "Kwani hapa petu pameandikwa Kichina?" Nilimwomba radhi na nikampelekea risiti mpya kwa mkono, nikavuka feri kwa ajili ya herufi moja. Na CSV zinazotoka Excel zikihifadhiwa kama CSV UTF-8 zisomeni kwa utf-8-sig, la sivyo safu ya kwanza itakuwa na takataka mbele ya jina lake na mtahangaika na KeyError, kosa la jina lisilopatikana, mpaka usiku.

6. Tumieni pathlib, laibrari ya ndani ya Python, kwa njia za faili, na herufi kubwa na ndogo mziheshimu, Windows haijali Data.csv na data.csv lakini Linux inajali.

7. Msiwashe kazi ya mtu mara ya kwanza mbele yake. Kwa hilo nimewanunulia kompyuta kuukuu pale Mwembe Tayari, Windows 7, biti 32, ina Python 3.8 na nimeikatia intaneti. Ipo kona karibu na feni. Kila mtu kabla hajaniletea kazi niisaini aiwashe pale kwanza, kwa flashi, na paswedi nimeibandika chini ya kibodi.