Binti yangu kaingia DAR, chama cha akina mama wa Marekani, na wenu anaweza: kusanyeni karatasi wazee wakiwa hai

Tangu niposti picha ya binti yangu na beji yake mpya simu haipumui, inbox imejaa, na wengi mnauliza kitu kimoja, dada hicho chama si cha wazungu, mtoto wa mama wa Tanga kaingiaje? Nawajibu wote hapa kwa pamoja, hasa nyie mliozaa na Wamarekani weusi, maana kuna watoto wenu wana haki hii kabisa ila hamna habari.

Chama kinaitwa Daughters of the American Revolution, yaani Mabinti wa Mapinduzi ya Marekani, huku wanakiita DAR tu. Kilianzishwa Washington Oktoba 1890. Anaingia mwanamke wa miaka 18 na kuendelea akionyesha kwa ushahidi kwamba ni uzao wa mtu aliyesaidia Marekani kumtoa Mwingereza, na sio lazima babu awe alibeba bunduki, hata aliyetoa chakula cha kulisha jeshi anahesabika. Damu ipite kwa baba au kwa mama ni sawa. Wanatunza makaburi ya wapiganaji na majengo ya kale, wanasomesha watoto, na ile bendera ndogo niliyopewa siku naapa uraia ilitoka kwenye mikono ya akina mama hao hao.

Najua kuna mtu hapo anasema hao si walimkatalia Marian Anderson, yule mwimbaji mweusi, kuimba ukumbini kwao mwaka 1939 kwa sababu ya rangi yake? Ndio, walimkatalia, na Eleanor Roosevelt, mke wa rais, akajitoa uanachama, na Marian akaimba nje kwenye Lincoln Memorial, jengo la kumkumbuka Rais Lincoln, tarehe 9 Aprili mbele ya watu kama 75,000. Mwanachama mweusi wa kwanza anayejulikana, Karen Batchelor, kaingia 1977. Yaani hiyo historia tunaijua vizuri sana na ndio iliyonifanya nikaze, kwa sababu babu zake mwanangu walipigana kabla hicho chama hakijazaliwa, sasa nani wa kumzuia mlangoni?

Mama mkwe wangu kila Thanksgiving alikuwa anasema watu wetu walikuwepo kwenye vita vya kwanza, yaani vile vya kumtoa Mwingereza, vijana wanaendelea kula. Mimi nilisikia. Kwao ni North Carolina, ukoo wa weusi waliokuwa huru tangu enzi hizo, na hilo lilitusaidia sana. Wengi wakifika sensa ya 1870 wanagonga ukuta, maana kabla ya hapo mtumwa haandikwi jina, kwenye orodha za 1850 na 1860 anawekwa umri, jinsia na rangi tu chini ya jina la bwana wake. Weusi huru waliandikwa majina yao kamili, kwaiyo tukapita.

Sehemu ngumu ikawa ni pale ambapo sikutegemea kabisa. Babu yake mama mkwe alizaliwa baada ya sensa ya 1880, ile ya 1890 karibu yote ilipotea baada ya moto wa Washington mwaka 1921, na kufika 1900 alikuwa keshaondoka kwao. Sa unamfungaje na baba yake? Wifi yangu ndio aliyetuokoa, alikuwa na Biblia ya familia kabatini, ukurasa wa kati umeandikwa vizazi kwa mikono tofauti, wino mwingine mweusi mwingine umegeuka kahawia, na yule babu yumo, tarehe na majina ya wazazi. Hapa sikilizeni vizuri: ukipiga picha ya Biblia piga na ule ukurasa wa mbele wenye mwaka iliyochapishwa, bila huo wanaitilia shaka.

Huko katikati sitawachosha, ni wosia na vyeti vya ndoa. Ila faili la pensheni nitalisema mpaka nizeeke. Sheria ya 1832 iliwapa pensheni wapiganaji wazee, ila ilibidi mtu aende mahakamani aape na asimulie alipigana wapi na chini ya kamanda gani. Mafaili hayo yapo National Archives, hifadhi ya nyaraka za serikali ya Marekani, mengi yako onlaini. La kwetu jina kaandika karani, na katikati ya jina kuna X aliyoitia mzee mwenyewe kama sahihi yake, mstari mmoja umepinda. Nililia jamani, na sio babu yangu mimi.

Maneno tuliyapata. Karani wa ofisi moja ya kaunti alimwangalia mwanangu juu mpaka chini akamuuliza kama ana uhakika yuko ofisi sahihi. Nikanyamaza. Iliyoniuma zaidi ni ya Watanzania wenzangu kwenye grupu, kwamba tunajipendekeza kwa wazungu. Kujipendekeza vipi kwa kudai babu yako mwenyewe? DAR wenyewe walichapisha mwaka 2008 majina zaidi ya 6,600 ya weusi na wenyeji asilia waliosaidia vita hivyo. Hao wote wana wajukuu, na wajukuu wengine mnawalea nyie.

Kwaiyo anzeni na mtoto, rudini nyuma kizazi kimoja kimoja, msirukie kwa shujaa. Kusanyeni vyeti. Halafu ingieni kwenye database ya DAR, ni bure, huenda babu huyo keshathibitishwa na ndugu wa mbali na kazi yenu ikawa nusu. Nawaambia tena, kusanyeni vyeti, na mkakae na wakwe zenu, waacheni waongee huku simu inarekodi, acheni kugombana nao kwa mambo madogo, yule bibi unayemkwepa kwenye sikukuu ndio maktaba ya mwanao.

Wenye watoto wa kiume kuna Sons of the American Revolution, cha tangu 1889, profesa Henry Louis Gates, yule mwanahistoria mweusi, naye ni mwanachama. Karatasi ni zile zile. Fomu ya kaka mtu tunaituma mwezi ujao.