Maswali na Majibu: Ratiba Imetushinda, na Mwendesha Mchezo Amechoka

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wanaocheza michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, ambapo mwendesha mchezo husimulia kisa na kila mchezaji huamua mhusika wake afanye nini, ile iliyoanza kuvuma na Dungeons & Dragons mwaka 1974. Nimechagua nne.

Tuko sita, Njiro na Sakina, hapa Arusha. Mmoja ni muuguzi wa zamu, wawili wanaongoza watalii. Kila wiki naweka kura kwenye grupu la WhatsApp, siku hazilingani. Tangu Pasaka tumecheza mara moja tu.

Acha kura. Chagueni siku isiyohama, mathalani Jumapili ya pili ya mwezi saa tisa alasiri, watu wakiwa wametoka kanisani na daladala za kurudia bado zipo. Muuguzi akiijua tarehe mapema anaweza kuomba kubadilishana zamu. Akiijua Ijumaa, hawezi. Kisha wekeni akidi kama wanavyofanya vicoba: wakitimia watatu na mwendesha, dadu zinarushwa. Inauma kuanza bila rafiki, lakini nimeona makundi mazuri yakifa kwa kumsubiri mtu wa sita.

Hao waongoza watalii msiwalaumu. Juni hadi Oktoba wako porini wakitafuta riziki. Hadithi ndefu iwekeni masika, Aprili na Mei, wageni wakipungua. Msimu wa wageni chezeni visa vinavyoanza na kuisha siku hiyohiyo, wahusika wakirudi mjini kabla hamjaagana. Hapo anayekosa leo hakatishi chochote.

Hadithi naandaa mimi, nyumba yangu, chipsi na soda zangu, kukumbusha watu mimi. Siku hizi mvua ikinyesha wakaghairi, nafurahi. Nimekuwa mvivu? Dada wa Kijenge.

Si uvivu, dada yangu. Shirika la Afya Duniani, likieleza uchovu wa kazini, linataja mambo matatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kuona hufanyi vizuri tena. Wao wanazungumzia ajira, lakini hiyo furaha yako ya mvua inafanana sana na jambo la pili.

Waambie wenzako wazi, ana kwa ana, wala usisubiri wakisie. Mmoja achukue ukumbusho, mwingine aandike yaliyotokea ili akusimulie mkianza tena, chakula kichangwe, na nyumba ziwe za zamu. Halafu pumzika kwa muda wenye mwisho unaojulikana. Katika muda huo, mtu mwingine aendeshe kisa cha jioni moja, hata akikosea kanuni. Kanuni za msingi za Dungeons & Dragons zinapatikana bure mtandaoni, kwa hiyo hana sababu ya kukwepa. Wewe kaa upande wa wachezaji, ule chipsi za mtu mwingine.

Ukirudi, andaa kidogo: mahali, mtu anayetaka kitu, na hatari inayokaribia. Kurasa kumi za maandalizi wachezaji huziruka zote kwa uamuzi mmoja, na hapo ndipo moyo unapovunjika. Mwisho usiuandike kabisa.

Mimi ni mpagazi, wagumu tunavyoitwa hapa Moshi. Nikipanda Kilimanjaro na wageni kwa njia ya Machame napotea wiki nzima. Nikirudi, wahusika wa wenzangu wamepanda ngazi na kupata nguvu, wangu amebaki dhaifu. Niache?

Usiache, kaka. Mwombe mwendesha awapandishe wahusika wote ngazi pamoja, mchezaji awepo asiwepo. Kumwadhibu mtu kwa kwenda kazini ni uonevu, na kanuni zinamruhusu mwendesha kuamua hivyo.

Mimi ndiye mwendesha. Tumefika katikati ya hadithi na sina hamu nayo tena. Nikiikatisha, nawasaliti?

Hapana. Usinyamaze tu hadi grupu lipoe lenyewe, maana hilo ndilo linalowaumiza watu. Watangazie kwamba vimebaki vikao viwili. Muulize kila mchezaji ni jambo gani angependa mhusika wake alimalize, uyaweke hayo mbele na kuacha mengine yote. Kisha mwingine apokee dadu.